Dumu Nililoliandika Dawa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, mkazi wa Bariadi, mjane wa mume ambaye hajafa. Miaka ishirini na miwili nimebeba jambo moja tumboni. Sikulitubu kanisani, sikumwambia mama yangu mpaka tukamzika. Leo nalisema kwenu kwa sababu naogopa kufa nalo...

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mume wangu, Maduhu, alikuwa karani wa pembejeo katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Yeye ndiye aliyegawa mbegu, mabomba ya kupulizia na dawa ya kuua wadudu. Msimu wa kupulizia ukifika, wazee wenye mvi walikuwa wakimwamkia! Alitembea mjini kama mtu aliyezaliwa na funguo mfukoni.

Kisha ikaja ile biashara huria. Wanunuzi binafsi waliingia na mizani yao, chama kikalegea, mwisho kikalala kabisa. Maduhu akabaki na ufunguo wa ghala lenye panya. Wazee wakaacha kumwamkia. Asubuhi alikuwa anaoga, anapiga pasi shati, anakaa nje kwenye kiti, hana pa kwenda. Nilimwonea huruma, lakini nami nina mdomo, na siku nyingine nilimtania pale ambapo ningenyamaza.

Mwaka huohuo mimi nikapata kazi. Alikuja mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, daktari wa mawe, si wa watu. Sisi tulimwita Mama Daktari. Alitafuta mtu wa kidato cha nne aliyesoma kemia kidogo, nami nilikuwa nimefaulu kemia kuliko masomo yote. Akanichukua.

Alikuwa akichota tope chini ya mto Simiyu na kule Mwamanyili, ufukweni mwa ziwa. Ndani ya tope lile alitaka kitu kimoja tu: chembe za lile jiwe jeupe gumu ambalo wataalamu wanaliita kwatsi. Alinieleza kwamba ndani ya kila chembe imefungwa oksijeni, na oksijeni hiyo haibadiliki hata chembe ikikaa chini ya maji miaka elfu. Ukiipima unajua kama mchanga ule ulizaliwa kwenye vilima vyetu hivi au uliletwa na upepo kutoka nchi za mbali. Vipimo vilikuwa vya ng'ambo. Kazi yetu ilikuwa kuusafisha tu, kwa maana uchafu ukibaki hata kidogo, jibu linakuwa la uongo.

Tulichekecha tope. Tukalitia asidi ya kwanza, likachemka na kutoa povu mpaka chokaa na magamba ya konokono yakaisha. Ya pili iliondoa majani yaliyooza. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa. Ilikaa na mchanga siku tatu, ikala udongo wa mfinyanzi na kila jiwe laini, ikaacha kwatsi peke yake. Kisha nilisuuza na kusuuza, nikaangalia kwa hadubini. Jamani, ulikuwa mchanga mzuri! Mweupe, unang'aa, hauna doa.

Siku ya kwanza Mama Daktari alinikalisha chini kuhusu ile asidi ya tatu. Alisema inakula hata kioo, ndiyo maana haiwekwi kwenye chupa bali kwenye dumu la plastiki. Alisema tena jambo ambalo sikulisahau. Ikikugusa, haikuumi! Unaona ni maji tu. Inapita kwenye ngozi, inashuka polepole mpaka mfupani, na baada ya saa kadhaa ndipo unapojua umekwisha. Aliniachia tyubu za mafuta meupe ya kupaka haraka ikinigusa, na kadi ngumu iliyoandikwa kwa Kiingereza jina la asidi na sindano ya kutibu. Alinikanya kwamba likitokea la kutokea, kadi ile apewe daktari wa hospitali kabla hata ya salamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Nyumba ya kufanyia kazi tulipanga kwa Mzee Salum, mfanyabiashara wa dukani, mtu mwema sana. Mkewe aliposikia neno asidi akashika kiuno. Asidi kwetu ni maji ya betri, na kila mtu alimjua fundi mmoja aliyeunguzwa suruali hadi paja. Alisema hataki balaa kwenye nyumba yenye wajukuu. Mama Daktari akabaki anafikiri. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa kucheka, basi madumu tuyaandike dawa! Nani anaogopa dawa?

Nikachukua kalamu nene ya wino, nikaandika kwa mkono wangu mzuri wa shule: DAWA NAMBA 1. DAWA NAMBA 2. DAWA NAMBA 3. Mke wa Mzee Salum akaridhika. Tukacheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mume wangu alikuwa akipita pale mchana. Alisimama mlangoni akayatazama yale madumu. Akaniambia siku hizi mimi ndiye mtu wa dawa. Nikamjibu kwamba ulimwengu umegeuka, baba, ndiyo mambo ya soko huria. Hakucheka. Siku nyingine akaniuliza ile namba tatu ni ya nini. Kwa majivuno yangu nikamwambia hiyo ni kali, hiyo haibakizi kitu! Nilikuwa nasema habari za mawe. Yeye alisikia habari nyingine.

Msimu ule funza waliingia kwenye pamba vibaya sana. Dawa hakuna. Wachuuzi walipita vijijini wakiuza vimiminika kwenye chupa za soda, vingine maji yenye sabuni tu. Mdogo wangu Kabula, aliyeolewa Ngulyati, alikuja kwangu akilia kwamba shamba lake lote linaliwa. Alimsihi Maduhu kama zamani, shemeji, wewe ndiye mwenye dawa, tusaidie. Maduhu aliinamisha kichwa. Niliiona aibu ile usoni mwake, nikaenda zangu kupika.

Jumapili moja Mama Daktari na dereva wake walikwenda Mwamanyili kuchota tope, warudi baada ya siku mbili. Mimi nilikwenda kanisani. Ufunguo wa nyumba ya kazi niliuacha umening'inia kwenye msumari nyumbani kwetu, mahali pake pa siku zote.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini, nikashika dumu namba tatu ili nimimine. Mkono ukapaa juu! Dumu lilikuwa jepesi. Nikalitikisa, nikatazama sakafuni kama limevuja. Sakafu ilikuwa kavu. Nikaukumbuka ule msumari wa ufunguo...

Nilirudi nyumbani mbio. Maduhu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amenyoa ndevu, anapiga mluzi. Miezi mingapi sikuwa nimemsikia akipiga mluzi! Nikamuuliza. Hakuficha hata kidogo. Alisema jana nikiwa kanisani alimpelekea Kabula chupa mbili za soda za ile namba tatu, na leo mapema Kabula anapulizia shamba.

"Nimemsaidia ndugu yako," aliniambia. "Badala ya kushukuru, unanitolea macho?"

Nilipiga yowe kwamba ile ni asidi, si dawa! Nilirudi kwa Mzee Salum, nikachukua kadi, nikachukua tyubu, nikamwomba baiskeli. Aliniuliza kuna nini. Nikasema mgonjwa. Ona, hata hapo sikusema kweli!

Barabara ya Ngulyati siku hiyo ilirefuka. Nilikuwa nakanyaga pedali huku nasema maneno ovyo, mara sala, mara hesabu. Kama ameanza jua linachomoza, ni saa ngapi? Kama ameigusa? Labda amechelewa kuamka. Labda ameugua. Nani mwingine aliwahi kumwombea mdogo wake augue malaria?

Nilimkuta pembeni ya shamba. Bomba lilikuwa chini, amemaliza mistari kadhaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekoroga dawa kwenye ndoo kwa mkono, kama tunavyofanya wote huku, maana dawa ya pamba tumeizoea. Zile chupa za soda zilikuwa zimelala kwenye majani. Kioo chake kilikuwa kimefifia, cheupe, huoni ndani. Nilipoziona chupa zile niliitupa baiskeli chini.

Yeye alifurahi kuniona! Akanisalimu kwa sauti.

"Mwangaluka, dada! Shemeji kaniletea bugota, dawa ya kweli. Njoo uone funza walivyolala chali!"

Nilimwagia maji ya debe mkono mzima, nikasugua, nikapaka yale mafuta meupe. Alikuwa anacheka. Aliniuliza kwani kuna nini, mbona haiumi, ni kama maji tu. Kila aliposema haiumi, mimi nilizidi kuogopa. Mnajua ni kitu gani kumtazama mtu unayempenda anacheka, na wewe unajua kinachomjia?

Tulitoka barabarani kungoja gari. Tulingoja sana. Ndani ya muda ule ncha za vidole vyake zikawa nyeupe. Akaacha kucheka. Akaanza kuukunja na kuukunjua mkono. Ilipopita pikapu ya mtu aliyetoka mnadani, Kabula alikuwa ameubana mkono kifuani, jasho linamtoka. Njiani ndipo alipopiga ukelele wa kwanza.

"Mayu wane, mama yangu! Dada, kuna kitu kinatafuna ndani!"

Nje mkono haukuwa na kidonda hata kimoja. Wenye pikapu walitazamana, mmoja akasema huyu karogwa. Nilimkumbatia Kabula nikamwambia nyamaza, tunafika.

Hospitalini tulimkuta Maduhu. Alikuwa ametufuata Ngulyati kwa baiskeli, akasikia tumeondoka, akarudi kwa njia ya mkato. Uso ulikuwa umemparama. Alipoona hali ya shemeji yake alijifunika uso kwa mikono, na nilidhani analia kwa ajili yake. Akanivuta pembeni kwenye ukuta.

Aliniambia kwamba nikitaja asidi, daktari atataka fomu ya polisi. Polisi watauliza ilitoka wapi. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Mimi niliona pameandikwa dawa. Aliyeandika ni nani?"

Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi. Niliona mahabusu. Nilimwona Mama Daktari anafukuzwa, Mzee Salum anashtakiwa. Niliona ukoo mzima unasema nimemtilia mdogo wangu sumu, na kwetu mwanamke akishasemwa hivyo hakai salama. Kadi ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya blauzi. Nazihisi pembe zake zinanichoma.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, ana wagonjwa wengi. Akaniuliza ni dawa gani.

Nikasema: "Dawa ya pamba, daktari."

Jamani! Mdomo wangu mwenyewe!

Aliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Muuguzi aliuona mkono umepakwa mafuta, akagomba kwamba sisi watu wa vijijini kila kitu tunapaka mafuta, akachukua kitambaa na sabuni akayafuta yote. Yale mafuta ndiyo pekee yaliyokuwa yakimsaidia! Nilisimama nikayatazama yakiondoka.

Walimchoma sindano za kutibu sumu ya kuulia wadudu. Wakamwekea dripu. Kabula aliendelea kupiga kelele. Ilikuwa adhuhuri, ikawa alasiri. Sauti ilimkauka, akawa anaomba kwa kunong'ona wamkate mkono, wamkate tu, hata kwa panga. Vidole vilibadilika kutoka vyeupe vikawa vya kijivu. Kila baada ya muda alinitafuta kwa macho. Aliponiona alitulia kidogo, kwa sababu dada yake yupo. Mimi dada yake nilikuwa na dawa yake kifuani.

Mngeniuliza saa ile nangoja nini? Nilikuwa najidanganya kwamba mafuta ya asubuhi yametosha. Nilikuwa najiambia dakika moja tena, dakika moja tena, labda atapoa. Hofu ni mshauri mbaya, ndugu zangu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama moyo wa Kabula ulipoanza kwenda mrama. Daktari yule aliweka sikio kwenye kifua chake, akanyanyuka, akanijia. Hakupaza sauti. Alisema sumu ya pamba haifanyi hivi.

"Mama, mdogo wako anakufa mikononi mwangu, na mimi sijui ninatibu nini."

Nikaingiza mkono kifuani. Kadi ilikuwa imelowa jasho, nikampa. Aliisoma. Akanitazama, akaniuliza kama nilikuwa nayo tangu asubuhi. Niliinamisha kichwa. Aligeuka akakimbia, nami sijawahi kuona daktari anakimbia vile.

Walimpa sindano zilizoandikwa kwenye kadi, nyingine mshipani, nyingine kwenye mkono wenyewe. Moyo ulirudi. Kelele zilipungua. Nilipogeuka kumtafuta mume wangu niseme amepona, ukuta ulikuwa mtupu. Maduhu alikuwa ameondoka mara tu alipoiona kadi inatoka. Baadaye nikasikia yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, ameoa huko. Alituma neno kwa wazee kwamba mimi ndiye niliyemtuma apeleke chupa.

Kabula aliishi. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, na viwili vilivyobaki havikunji vizuri. Nilimfuata yule daktari ofisini kwake, nikamuuliza kama ningesema mapema ingekuwaje. Akasema labda vingepona. Labda! Natamani angesema hapana, au angesema ndiyo. Hiyo labda imeninyima usingizi kuliko tusi lolote.

Mama Daktari aliporudi alikwenda polisi mwenyewe, akasema kosa la kuandika dawa alilikubali yeye na yeye ndiye mkubwa. Alihojiwa siku kadhaa. Hakunitaja. Nyumba ikafungwa, asidi zikaondolewa, ule mchanga mweupe akaubeba, nami sikumwona tena.

Nilijiandaa kwa hukumu ya ukoo. Siku ya kikao nilikaa chini kwenye vumbi, najua mwisho wangu umefika. Kabula aliletwa, mkono umefungwa bandeji. Aliposikia yale maneno ya Maduhu alikasirika, akasimama.

Akawaambia wazee kwamba bila dada yake angekuwa kaburini. Kwamba nilikuja kwa baiskeli mbio mpaka Ngulyati, nikamwosha, nikampaka mafuta, nikampeleka hospitali, na mwisho mimi ndiye niliyempa daktari karatasi iliyomponya. Aliyaona kwa macho yake kutoka kitandani! Kila neno lilikuwa kweli. Wazee walinishika mkono mmoja mmoja wakanipa pole na sifa.

Na mimi nikazipokea.

Hakuna aliyejua ile karatasi ilikaa wapi tangu asubuhi. Daktari alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Nikanyamaza siku hiyo, nikanyamaza na kesho yake, na kunyamaza kukawa nyumba yangu.

Mwaka uliofuata Kabula alijifungua binti. Akampa jina langu, Minza, ili jina la aliyemwokoa lisipotee. Kabula anachuma pamba kwa mkono wa kushoto. Ugali anakula kwa mkono wa kushoto, na wageni wasiomjua wanamtazama vibaya. Kila mwaka baada ya mavuno ananiletea gunia la mpunga, ananishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, dada." Mpunga ule nimeshindwa kuula. Nawagawia majirani, wananisifu kwa ukarimu!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Kitu chenye sumu kiite sumu. Usikipe jina la upole ili mwenye nyumba asikugombeze, maana kuna mtu atalisoma jina lile na kuliamini. Wewe uliye na mume aliyepoteza kazi, usimtanie kwenye kidonda. Na ukisimama mbele ya daktari, hata kama polisi wako mlangoni, hata kama ni wewe uliyekosa, sema kweli mara ya kwanza anapokuuliza! Gereza lina mlango wa kutokea. Nilikokaa mimi hakuna mlango.

Nimebakiwa na neno moja, na si kwenu nyote.

Minza, mwanangu, najua unalinunua gazeti hili kila wiki na unamsomea mama yako, Kiswahili kigumu unamgeuzia Kisukuma. Majina sikuyabadilisha makusudi. Mpaka hapa umeshatutambua. Nimejaribu mara nyingi kuja kumwambia mwenyewe, nafika uani kwenu, ananikaribisha, na ninaanza kuzungumza habari za mvua.

Usilikunje gazeti, mwanangu. Usiruke pale penye kadi. Msomee yote, pole pole, kama nilivyoandika, mpaka aelewe kwamba mama mkubwa wako alikuwa na uwezo wa kuvinusuru vidole vyake akakaa kimya. Akilia, mshike. Akitaka kukubadilisha jina, mkubalie.

Mimi niko nyumbani. Sitaondoka, sitasingizia safari. Mwambie aje na maneno yoyote aliyonayo, nitayapokea nikiwa nimekaa chini.